Kona ya Bweni Ambayo Hakuna Aliyetaka Kuitaja Mezani

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Miaka yote nasoma nyuzi zenu za tenda, za makontrakta waliotoroka na mafundi waliouza simiti ya mwenye nyumba, nacheka peke yangu na kufunga simu. Leo ni zamu yangu.

Majina nimeyabadilisha na shule sitaitaja. Mengine yote yako vile yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha. Hayo ndiyo mengi.

Kwa ufupi, mimi ni mwanamke, ni kontrakta mdogo, naishi Kitengela. Nilianza kama karani wa stoo kwenye site, kazi yangu ikiwa kushika funguo na kuchukiwa na kila mtu. Ukiwa mwanamke kwenye site unajifunza kumshuku mtu kabla hujamsalimia. Sijutii sana, maana imeniokoa mara nyingi.

Lakini kuna siku ilikaribia kunimaliza.

Tenda nilizozoea mimi ni za bahasha. Drawing zinatoka zimekamilika, unapiga bei, unafunga bahasha kwa gundi, unaitumbukiza kwenye sanduku. Halafu unaanza kujiuliza ni nani ameshafunguliwa yake kabla ya siku. Mwenye bei ya chini ndiye anapewa kazi. Na mwenye bei ya chini mara nyingi ni mtu asiyejua hesabu, ama anayeijua kupita kiasi.

Huyo wa kupita kiasi ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa bosi wangu kwenye nyumba tulizokuwa tukijenga Matasia. Siku moja niligundua kwamba kwenye drawing ngazi inapanda na kuishia ukutani, hakuna mlango. Nikamkimbilia kumwambia, nikidhani nitapongezwa.

Akaniangalia kwa huruma.

"Kosa ya drawing ni kama kondoo," akaniambia. "Usichinje ikiwa mtoto. Wachana nayo ikule, inone. Utachinja siku uko na njaa."

Maana yake ni hii. Unaona kosa, unanyamaza, unajenga vile ilivyochorwa. Kosa likishakuwa kubwa na haliwezi kurekebishwa bila kubomoa, hapo ndipo unaandika barua ya variation. Mwenye jengo hana ujanja, anaongeza pesa. Aliyechora analaumiwa, na wewe una karatasi mkononi inayoonyesha ulifuata maagizo.

Wakuu, somo hilo nililishika kuliko amri kumi.

Sasa twende Isinya.

Kuna shule ya wasichana mbele ya Isinya, ukielekea Kajiado town. Miaka miwili hivi iliyopita walitaka kujenga bweni. Jengo lao la awali, la madarasa, walikuwa wamempa mwenye bei ya chini. Akafika kwa lenta, juu ya madirisha tu, akasema anaenda kuona mgonjwa, hadi leo. Wazazi wakachanga mabati wenyewe.

Kwa hivyo safari hii kamati ilikataa bahasha kabisa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja nitakayemwita Mama Naisula. Ni mfugaji wa kuku pale Isinya, mwanamke wa makamo aliyeanza kuyapita makamo, na haongei sana. Anasema jambo mara moja, halafu anakuangalia kuona kama limeingia.

Architect alikuwa kijana wa Nairobi, tumwite Brayo. Ndevu nadhifu, viatu vyeupe kwenye vumbi la Kajiado. Huyo ndiye aliyeleta mambo mapya. Badala ya kutangaza tenda, yeye na kamati walizunguka kuangalia kazi zetu za zamani. Walifika hadi kwenye nyumba niliyojenga hapa Kitengela, wakagonga, wakamwuliza mwenye nyumba mbele yangu kama choo kinavuja.

Nilisimama pale nikitabasamu kama niko studio. (Choo hakivuji. Mnaouliza, hakivuji.)

Wiki mbili baadaye Brayo akanipigia simu. Nimechaguliwa, mimi na mtu wa tingatinga, na fundi wa maji ambaye hamtamhitaji kwenye hadithi hii.

"Drawings hazijaisha, tutazimaliza pamoja," akasema. "It's collaborative. Kuja Jumatano, and everyone should bring something to the table."

Kiingereza nilikielewa chote. Tatizo ni kwamba mimi ni Mkenya. Mtu wa ofisi akikwambia uje na kitu cha kuweka mezani, huhitaji kamusi.

Nikajiambia, aha, kumbe collaboration ni jina jipya la kitu kidogo.

Lakini utatoa vipi kitu kidogo mbele ya kamati nzima? Nikawaza usiku wawili. Mwishowe nikaingia supermarket pale Kitengela, nikanunua sukari kilo kumi, majani chai, na shuka nzuri nyekundu ya mwenyekiti. Nikaona hiyo ni heshima, haina ushahidi.

Jumatano nikaingia ofisi ya mwalimu mkuu, nikavipanga mezani kimoja kimoja.

Brayo akabaki mdomo wazi. Mama Naisula akaichukua ile shuka, akaipima kwa vidole.

"Hii ni ya nini? Kuna mtu anaolewa?"

"Si mlisema tukuje na kitu ya kuweka kwa meza, Yeyo?"

Yeyo ni mama kwa Kimaa. Nilitaka kuonekana mwenyeji.

"Kijana alikuwa anasema akili," akajibu. "Sukari tutakunywa sisi wote hapa. Hii shuka rudi nayo, ufunike yule alikufundisha hii tabia."

Watu walicheka hadi mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Mtu wa tingatinga, Parsaloi, alicheka kuliko wote. Nikamweka kwenye kitabu changu cha moyoni siku hiyo hiyo.

Ngoja niwaeleze mkataba wenyewe, maana ndio kiini.

Kila Jumatano tunakaa meza moja: kamati, architect, mimi, Parsaloi, wote. Kabla ya lolote, kila mtu anasema kitu anachoona kinaweza kuharibika. Kwa karatasi ya Brayo kiliitwa early warning. Mama Naisula alikiita "kinachokuchoma." Alikuwa akizungusha kidole mezani: wewe, nini inakuchoma? Na wewe?

Na sheria ilikuwa moja tu. Ukisema, shida ni yetu sote, tunaitatua na kuibeba pamoja. Ukificha, shida ni yako peke yako.

Msomaji, nisikilize. Mtu aliyekulia kwenye tenda za bahasha akisikia maneno hayo hasikii upendo. Mimi nilisikia mtego. Nani anaandika mkataba wa kuwaambia watu wajichome wenyewe mbele ya mwenye kazi? Nikaona hii ni njia tamu ya kukusanya makosa yangu, halafu siku moja yatolewe yote kwa mpigo na kazi apewe mwingine.

Na huyo mwingine nilikuwa nimeshamjua. Parsaloi alikuwa na binamu kontrakta, Kajiado town. Sikuwahi kumwona huyo binamu. Nilitosheka kujua yuko.

Kwa hivyo Jumatano zote kidole kikifika kwangu nilijibu hivi: "Kwangu hakuna kitu inachoma."

Wiki ya tatu Brayo alisogeza jengo. Laini ya stima ilikuwa karibu sana na ukuta, ikabidi bweni lisukumwe mita kadhaa kuelekea ua wa nyuma. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Wazee wawili wa kamati wakaangaliana, mmoja akakohoa. Parsaloi akaangalia kofia yake. Jengo likasogezwa.

Nikakiona kile kikohozi. Nikakiandika.

Parsaloi akaanza kuchimba mitaro ya msingi. Pande tatu zilienda vizuri, udongo mweusi wa black cotton, kawaida yetu, unaitoa unafikia mwamba. Ila kona ya nyuma, ile mpya, mashine ilizama kwa ulaini wa ajabu. Akaichimba haraka, akaondoka bila kuniangalia usoni.

Foreman wangu anaitwa Mutua, tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Alishuka kwenye mtaro wa kona ile, akasukuma chuma kwa mkono mmoja. Chuma kikaingia kama kwenye ugali. Akainama, akatoka na kiganja kimejaa maganda ya konokono.

"Mama, hii si black cotton tu," akasema. "Hapa kulikuwa na maji."

"Drawing inasema nini?"

"Inasema mita moja na nusu."

"Tumechimba mita moja na nusu?"

"Ndio."

"Basi funika na polythene, tungoje zamu ya kumwaga konkrit."

Mutua aliniangalia sana. Ana binti shule ya bweni huko kwao Machakos. Akafunika.

Naona mmoja wenu ameshaanza kuandika "ulikuwa unajua." Tulia, nafika.

Ndiyo, nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua ile kona haitabeba ukuta wa ghorofa moja juu. Nilijua pia kwamba shimo la kupima udongo halikuchimbwa pale, kwa hivyo kosa si langu. Nilikuwa na drawing, nilikuwa na picha kwenye simu zenye tarehe. Nilikuwa nimekamilika, na kondoo wangu alikuwa ameanza kunona.

Halafu ikaanza kunukia njama.

Kwanza, asubuhi moja nilifika site mapema, nikamkuta Parsaloi peke yake kwenye kona ile ile. Anatembea hatua fupi fupi, anasimama, anarudi. Aliponiona akajifanya anaangalia ua.

"Supa," nikamsalimia.

"Ipa," akajibu, akaingia kwenye pickup.

Pili, siku mbili baadaye napita Isinya, naona pickup hiyo nje ya butchery, na gari la Brayo kando yake. Wawili. Bila mimi, bila kamati. Sasa collaboration ya meza ya pembeni ni ya aina gani?

Tatu, Brayo akanipigia jioni hiyo. Eti Parsaloi ameshauri bweni lirudishwe mbele kidogo. Kwa sababu gani? "Amesema upepo," Brayo akanijibu, na hata yeye alisikika kama mtu asiyeamini. Upepo! Tumeshachimba pande nne, nimeshaleta mawe ya hardcore, mvua inakaribia, halafu mtu wa tingatinga anaogopa upepo.

Nikapiga hesabu yangu. Jengo likisogezwa nitachelewa. Nikichelewa nitaitwa mzembe. Nikiitwa mzembe, binamu yuko Kajiado anapasha injini.

Nne, na hii ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa na group ya WhatsApp ya mradi. Jumanne mchana simu ikalia, Parsaloi ameandika. Kabla sijafungua, nikakuta yale maneno ambayo kila Mkenya anayaogopa: ujumbe umefutwa.

Nilikaa kwenye gari nikiitazama ile simu. Mtu hafuti salamu, wakuu.

Sikulala vizuri. Hii kazi kwangu haikuwa kazi tu. Miaka yote nimejenga vyumba vya kupangisha na nyumba za watu wawili watatu, na kila nikiomba kazi kubwa naulizwa mume wangu yuko wapi aje tuongee. Bweni hili lingekuwa jengo la kwanza ambalo ningeweza kuonyesha mtu na kunyamaza. Wakiniondoa katikati, habari zitafika Kitengela kabla yangu, na hakuna atakayeuliza upande wangu. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu ikinishika natoka nikiwa na kelele.

Jumatano nikaenda nimejipanga.

Chai ikamiminwa. Mama Naisula akaanza kuzungusha kidole. Fundi wa maji akasema mabomba yamechelewa. Parsaloi akasema kwake hakuna. Kidole kikanifikia.

"Leo iko," nikasema. "Leo inanichoma sana."

Nikasimama. Nikawamwagia yote. Kikohozi cha mzee, matembezi ya asubuhi, butchery, upepo, ujumbe uliofutwa. Nikatoa simu, nikaizungusha kila mtu aone.

"Mlituambia hii meza ni ya kusema yote," nikasema. "Sasa huyu aseme. Aliandika nini akafuta? Mnataka kunitoa mpatie binamu yake, si mniambie tu niende?"

Parsaloi aliinua uso. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikasirisha zaidi. Alimwangalia Mama Naisula, kisha akaangalia chini.

"Siwezi sema hapa," akasema.

"Hapa ndio pa kusema!"

"Mama, nimekuambia siwezi. Wacha."

"Kwa nini?"

Mzee mmoja wa kamati akaanza kuongea Kimaa, chini chini, haraka, akionyesha nyuma ya shule. Mwingine akamshika mkono. Brayo alikuwa amegeuza kichwa huku na huku akiwa amepotea kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kama Brayo hajui, basi hii njama ilikuwa ya nani?

Mama Naisula aliinua mkono.

"Si aliandika jina ya mahali," akasema polepole. "Hiyo kona. Iko na jina."

Parsaloi akageuza kofia yake mkononi.

"Na mimi niko kwa hiyo group, ndio akafuta."

Akanigeukia mimi. Si kwa ukali.

"Wewe si wa huku, huwezi jua. Hapo nyuma kulikuwa na silanga, bwawa ya maji. Ng'ombe walikuwa wanakunywa hapo kabla shule ipate hii shamba. Kijana wangu wa kwanza alipeleka ndama maji, akateleza. Watu wakaanza kuita hiyo silanga na jina yake, eti tukutane kwa silanga ya fulani. Mpaka ikafunikwa."

Kisha akalitaja lile jina.

Sitaliandika hapa. Huku wazee wengi bado hawatamki jina la aliyekufa, na mbele ya mama yake ndiyo kabisa. Wanaenda kanisani kila Jumapili, wanaimba, lakini hilo hawalifanyi. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alikuwa hajalitamka tangu mazishi. Mzee aliyekohoa alijifunika uso kwa shuka.

Parsaloi ndiye aliyeendelea.

"Nilijaza mimi, na trekta ya baba. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka nimalize nitoke hapo. Sikushindilia. Nilimwaga tu kila kitu."

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivi, wakuu. Wazee walipomwonyesha Brayo mahali pa kuchimba mashimo ya majaribio, waliizunguka ile kona kwa sababu ya mama huyu. Jengo liliposogezwa juu yake, walikosa namna ya kusema bila kutaja. Parsaloi alijaribu upepo, akajaribu butchery, akajaribu simu, na kila mara jina likamkwama kooni. Brayo alikuwa amekula nyama tu bila kujua anaambiwa nini. Na Mama Naisula mwenyewe alisikia tu mita kadhaa mezani, hakujua zimefika hadi pale, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akija shule na kuishia ofisini. Upande ule hakuwahi kukanyaga.

Binamu wa Kajiado? Nilikuja kumwona. Anajenga matangi ya maji, na bweni hana haja nalo.

Mama Naisula akasimama.

"Twende," akasema.

Tukamfuata sote hadi nyuma. Alitembea mbele, peke yake. Alipofika karibu na mtaro akasimama kidogo, akashika kiuno, halafu akaendelea. Akaanza kuchora mstari kwa kisigino kwenye vumbi, taratibu, akipinda pale ukingo ulipokuwa ukipinda. Parsaloi alikuwa nyuma yake anapigilia vigingi. Hakuna aliyemsaidia kukumbuka. Mstari ulipita chini ya kona nzima ya bweni na kumeza sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya polythene yangu, natamani udongo ule laini unichukue.

Akafika mwisho. Akafungua pembe ya polythene kwa mguu. Pale ukingoni kulikuwa na kile kirundo Mutua alichotoa. Akainama, akaokota ganda la konokono, akalipuliza vumbi.

"Hii ilitoka hapa chini?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mutua akaangalia buti zake, Mungu ambariki.

"Lini?" akaniuliza.

"Ni kama wiki mbili, Yeyo."

"Wiki mbili." Akaliangalia tena. "Na Jumatano mbili nimekuuliza nini inakuchoma."

"Ndio."

"Hawa wengine najua walikuwa wanangoja nini. Walikuwa wananionea huruma." Akalitia lile ganda mkononi mwangu, akanifunga vidole. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Brayo alikuwa pale. Wazee walikuwa pale. Nina mdomo ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Siku hiyo ulikosa.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Bweni lilirudishwa mbele na kuzungushwa kidogo ili likwepe stima na silanga, wakalipanga upya mezani siku hiyo hiyo. Kazi ya kuziba mitaro ya zamani na kuchimba mipya ilikuwa kwa gharama yangu, kwa sababu sheria ilikuwa wazi: nilificha. Sikubishana. Asubuhi ya pili nilimkuta Parsaloi ameshafika na tingatinga, anaziba mtaro wa kona, na safari hii anashindilia kila tabaka. Sikuwa nimemwita. Nilimwomba msamaha, akasema, "Ata mimi nilinyamaza." Tukaishia hapo.

Hawakunifukuza. Nilimaliza kazi, na wasichana wamehamia. Mama Naisula ananisalimia vizuri tukikutana Isinya, lakini swali lake hajawahi kulirudia na mimi sijawahi kulijibu.

Sasa yale niliyojifunza, kwa wale mnaopenda tupate funzo.

Mimi bado nashuku watu. Sijaokoka kwa hilo na sitawadanganya. Meza hizi mpya za kufanya kazi pamoja zinaweza kutumiwa vibaya kama bahasha zilivyotumiwa, na nimeshakaa kwenye moja Kitengela ambayo ilikuwa mchezo mtupu. Lakini nilijifunza kwamba kimya cha mtu mwingine unaweza kukisoma vibaya kabisa, hasa ukikisoma kwa macho ya kimya chako. Nilikuwa na hakika Parsaloi anaficha kitu kwa faida kwa sababu mimi nilikuwa naficha kitu kwa faida. Sikuwa na ushahidi mwingine.

Na kwa wanaoandika mikataba hii, Brayo na wenzake: karatasi yenu inasema kila mtu aseme yote. Kabla hamjaketi, ulizeni kwanza ni nini hakitamkwi mahali hapo. Tembeeni na wenyeji kiwanja kizima, na mahali wanapozunguka, hapo ndipo mchimbe.

Makontrakta, mafundi, ma-QS wa hesabu, wenye majengo, nawasubiri kwenye comments. Semeni ukweli: mkiona kosa kwenye drawing, mnafungua mdomo siku gani? Mnaotaka kunitukana pia karibuni, nimeshajitukana vya kutosha, mtakuta nafasi imebaki kidogo.

Na kwa kuwa najua mtaniuliza, acha nilijibu swali la yule mama hapa, maana usoni pake nilishindwa.

Yeyo, nilikuwa nangoja wasichana waingie, na ukuta upasuke.